Mayai Yaliyolazwa Wodi ya Wazazi

Saa tatu usiku Mama Lebo alikuwa akitafuta mkasi wa kukatia uzi alipokumbuka kwamba mkasi haumo ndani ya nyumba. Ameusahau kazini tangu juzi, juu ya cherehani. Hapo ndipo moyo ulipomshuka mpaka kwenye kandambili. Maana kama mkasi uko kazini tangu juzi, basi leo alfajiri hakukata kitu. Na kama hakukata kitu, basi ile lebo imekwenda nzima.

Aliingia chumbani mbiombio akamtikisa mumewe.

"Baba. Baba, amka. Sikuikata."

Mumewe, fundi seremala mwenye usingizi mzito kama magogo yake, alifungua jicho moja. "Hukukata nini?"

"Lebo ya mayai. Imekwenda na jina la wodi."

Fundi alilipima jambo hilo kwa lile jicho moja. "Wodi gani?"

"Majeruhi."

Jicho la pili likafunguka lenyewe.

Wakati huo binti yao alikuwa amelala kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, upande wa pili wa mji, pamoja na vijana wengine arobaini waliokuwa wakigombea nafasi kumi na mbili. Usaili ulikuwa wa siku mbili. Simu zilichukuliwa getini, na kila mtu aliagizwa aje na chakula chake. Siku ya kwanza ni mizani, macho na mbio. Siku ya pili asubuhi ndiyo kazi yenyewe: kumbeba begani mtu wa mpira mwenye kilo sitini, kumshusha kutoka ghorofa ya tatu hadi uwanjani, bila kumdondosha na bila kudondoka naye. Wanaochaguliwa hurudi nyumbani na buti siku hiyo hiyo. Wasiochaguliwa hurudi na viatu walivyokwenda navyo. Mwaka jana binti hakufika hata kwenye ngazi; mizani ilimrudisha kwa kilo nane za ziada. Na mwakani atakuwa amevuka umri. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho.

Kopo la kwanza la chakula lilikuwa na lebo iliyokatwa zamani, lakini alfajiri angefungua la pili, mayai manne ya kuchemsha na viazi vitamu. Kwenye mfuniko angekuta kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa uzi mwekundu: MAJERUHI 166. Angejua papo hapo kwamba kwa miezi minne mama yake amekuwa akimzunguka. Angeyasukuma mayai pembeni, angetafuta biskuti, kisha angepanda zile ghorofa tatu na tumbo la biskuti.

"Labda hatasoma," alisema fundi.

"Yule? Yule anasoma mpaka maandishi ya kwenye sabuni."

"Basi lala. Kuku hawezi kurudisha yai ndani."

"Wewe lala. Mimi nakaa mlangoni."

Akavuta kigoda, akaketi kuuangalia mlango, kana kwamba habari zikija zitabisha hodi.

Sasa yai linafikaje mpaka kuvaa lebo ya hospitali? Hapo lazima turudi nyuma kidogo.

Mama Lebo alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Shule alisoma miaka saba tu, ila kusoma alisoma kila siku, maana kazi yake ilikuwa hiyo. Kila shuka, kila pazia na kila gauni la mgonjwa lina kipande cha kitambaa chenye jina la wodi na namba. Shuka mpya ikija, yeye ndiye anayeishonea lebo. Shuka ikichakaa na kukatwa matambara, yeye ndiye anayefumua lebo yake. Zile zilizofumuliwa zilipaswa kutupwa, lakini mkono wake ulikataa kutupa kitu kilichoandikwa. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likijaa alilipeleka nyumbani na kuanza jingine.

Macho yake yalikuwa macho ya kazi hiyo, hayatulii. Akiangalia rundo la shuka anajua ipi imepotea. Akiwaangalia watu wake wakila, anajua nani ameacha nini sahanini na kwa nini. Mumewe alikuwa akisema kwamba mke wake angeajiriwa polisi, wezi wangeomba likizo.

Macho hayo ndiyo yaliyomwona binti yake akigeuka mfanyabiashara wa kalori.

Mwanzo wa jambo ulikuwa mwema. Baada ya mizani kumrudisha, binti alinunua daftari, akachora mistari, akasema kuanzia leo anakula kalori elfu moja na mia nne kwa siku, hata moja isizidi. Baba yake akambandika jina: Kikokotoo. Lakini kukokotoa kunataka namba, na nyumba ile haikuwa na namba. Ilikuwa na sufuria.

"Mama, haya maharage yana kalori ngapi?"

"Yana maharage."

"Siwezi kuandika 'yana maharage'."

"Andika 'ya kutosha'."

"Mama, mimi sitanii. Ona hii biskuti. Igeuze nyuma. Mia moja na arobaini. Hii soda, mia moja thelathini na tisa. Hawa ni watu wa wazi. Maharage yako yananificha."

"Yakufiche nini, mwanangu? Si yako uchi hapo sahanini?"

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba: kisicho na namba hakiingii kinywani mwa Kikokotoo. Maharage nje. Mchicha nje. Yai, ambalo Mungu mwenyewe alilifunga vizuri lakini akasahau kuliandika, nje. Ndani ziliingia biskuti, krispi, tambi za pakiti, pipi za kutafuna na soda, zote zikiwa na hesabu zake mgongoni. Asubuhi biskuti nane. Mchana tambi. Jioni alijumlisha, akikuta amebakiwa na mia moja na kumi anatafuna pipi za mia moja na kumi, kisha anafunga daftari kama karani aliyefunga ofisi.

Na uzito ulipungua! Hilo halikuwa na ubishi. Miezi mitatu, kilo kumi na tatu. Kikokotoo alicheza mbele ya kioo. Mama yake naye alisimama nyuma yake, kwenye kioo hicho hicho, akiona mengine. Nywele zilibaki kwenye kitana. Sweta ilivaliwa saa saba mchana. Kutoka bombani hadi jikoni, hatua ishirini, ndoo iliwekwa chini mara mbili. Usiku mmoja alimkuta amelala mezani, kalamu mkononi, katikati ya kujumlisha.

"Umechoka?"

"Sijachoka, Mama. Nimebakiwa na sabini."

Kisha ukaja mlango.

Mlango wa nyumba ile aliutengeneza fundi mwenyewe, kwa mbao ngumu, wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza iliponyesha ukavimba, na tangu hapo haukupungua. Mganga hajigangi. Milango ya mtaa mzima, kazi ya mikono yake, ilifungana kimya kama midomo ya watu wenye adabu, wa kwake ulikuwa na miaka kumi na mmoja wa "kesho nitaupiga randa." Kila mtu alikuwa na namna yake ya kuufungua. Fundi aliupiga teke chini. Mama Lebo aliusukuma kwa nyonga. Kikokotoo, tangu ana miaka kumi na minne, aliutia bega moja akaingia bila kukatisha wimbo.

Jioni hiyo Mama Lebo alikuwa jikoni akasikia dhuu. Akasubiri wimbo. Akasikia dhuu nyingine, ndogo kuliko ya kwanza. Halafu sauti nyembamba:

"Mama, nifungulie."

Alikwenda akafungua. Mtoto alikuwa ameegemea ukuta, mwembamba, nadhifu, ndani ya hesabu yake kabisa, anahema kama aliyetoka kukimbizwa na mbwa.

"Huu mlango umezidi kuvimba," alisema Kikokotoo.

"Umevimba," alisema mama yake, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki sita.

Usiku huo fundi alijaribu kwa njia yake. Alitoka karakanani na vipande viwili vya mbao, akavipima kwenye mizani ya jikoni mbele ya binti yake.

"Soma."

"Hiki kilo moja. Na hiki kilo moja."

"Kilo ni kilo?"

"Kilo ni kilo, Baba. Ndivyo ninavyowaambia kila siku. Na kalori ni kalori."

"Vema. Hiki ni mti. Na hiki ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, kazi ya kiwandani, kina mpaka karatasi ya maua juu. Nikutengenezee kitanda kwa kipi?"

Kikokotoo alivitazama. "Baba, mimi si kitanda."

Fundi akavikusanya vipande vyake akaondoka, ameshindwa, kama wanavyoshindwa mara nyingi watu wenye haki.

Kesho yake Mama Lebo alipokuwa akikusanya makoti meupe ya kufuliwa, alichelewa kwa makusudi mlangoni pa mtaalamu wa lishe, mwanamke wa haraka ambaye hata kalamu aliichomeka kwenye nywele ili asipoteze muda wa kuitafuta.

"Daktari, samahani. Kuna jirani yangu. Anakula biskuti na soda tu, lakini kwa hesabu. Hazidishi hata moja."

"Jirani yako ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili. Tunafanana sura."

Mtaalamu akamwangalia kidogo, akaacha kuandika. "Mama, hesabu si kosa. Mtu akila zaidi ya anachotumia atanenepa, hata ale majani. Lakini namba inakwambia moto una ukubwa gani, haikwambii ni kitu gani kinaiva. Mwili unajitengeneza kwa kile ulichopewa. Misuli haitengenezwi kwa soda. Ale mayai, maharage, mboga, matunda, samaki akipatikana."

"Hali kisichokuwa na namba."

"Basi mpe namba!" alisema mtaalamu, akacheka, akachomeka kalamu, akaondoka.

Alisema kwa mzaha. Mama Lebo aliupokea kama dawa, kutwa mara tatu.

Shida ikawa namba itoke wapi. Kuikisia kichwani mwake alikataa. Huo ungekuwa uongo, naye alilelewa vizuri. Lakini namba ambayo tayari ipo, iliyopangwa na wakubwa, ikashonwa kwa uzi mwekundu na kutumika kihalali hospitalini kwa miaka mingi, hiyo huwezi kusema umeitunga. Alilitoa kopo la maziwa kabatini. Akachagua lebo moja, akakata jina la wodi kwa mkasi, akaifunga kwa uzi kwenye mkono wa bakuli la maharage. 214.

Kikokotoo aliinama. "Hii nini?"

"Namba."

"Imetoka wapi?"

"Hospitali."

Hakuongopa hata herufi.

"Wameishona?"

"Karatasi zinalowa."

Hilo nalo kweli. Binti aliigusa lebo kwa kidole, akafungua daftari, akaandika: maharage, mia mbili kumi na nne. Halafu akala. Alikula kwanza kwa adabu ya daftari, baadaye kwa adabu ya njaa, na mwisho alifuta bakuli kwa kidole. Mama Lebo alitazama pembeni akakoroga sufuria iliyokuwa tupu.

Mambo hayakwenda sawa siku zote. Siku ya tatu, kwa kuwa alichomoa lebo bila kuangalia, tango lilifika mezani na 903.

"Mama! Tango? Mia tisa na tatu? Lina nini ndani?"

"Labda lilichelewa kuvunwa."

"Hata nyumba haina kalori mia tisa na tatu!"

Tango likarudi jikoni bila kuguswa, na usiku huo Mama Lebo aliketi kitandani akapanga kopo zima kwa wodi. Wodi ya Watoto zilikuwa namba ndogo, chini ya tisini. Humo akalaza mboga zote na matango. Wodi ya Wazazi zilianzia tisini na moja hadi mia moja na sitini. Humo akalaza mayai, kama inavyostahili. Majeruhi zilifuata, mpaka mia tatu. Humo maharage, samaki na viazi. Upasuaji zilikwenda mpaka mia tisa na zaidi; humo akaweka chochote kilichokaangwa, ili kisiliwe sana. Fundi alilala pembeni akitazama dari.

"Mke wangu, ukikamatwa utasema nini?"

"Nitasema wagonjwa wanaendelea vizuri."

Mtu mwingine aliyejua ni mpiga pasi, rafiki yake wa kazini, mwanamke mwenye kicheko kilichoweza kunyoosha shuka bila pasi. Kila mchana alimuuliza:

"Mwenzangu, wodini hawajambo?"

"Mchicha umeruhusiwa jana. Maharage bado yamelazwa."

"Na mayai?"

"Yamejifungua salama. Manne."

Wakacheka mpaka msimamizi akatokeza kichwa.

Lakini usiku Mama Lebo hakucheka. Alijua njia ya mwongo ni fupi, na alikuwa akiikanyaga kila siku na bakuli mkononi. Na vipi kama mtoto atanenepa tena, mizani imrudishe, na kosa liwe lake yeye na kopo lake? Alianza kumwangalia binti kiunoni kama anavyoangalia shuka, kwa upindo.

Mwezi wa pili Kikokotoo alishuka kwenye mizani na uso uliosawijika. "Nimeongezeka kilo mbili. Na hesabu iko sawasawa! Nimejumlisha mara tatu!"

"Bado uko ndani ya kikomo?"

"Niko ndani, kwa kilo tatu. Lakini zimetoka wapi?"

"Geuka," alisema fundi. Akambonyeza bega kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza ubao sokoni. "Ziko hapa. Hizi ni mti."

Sweta ilirudi kabatini. Kitana kikawa kitupu. Na jioni moja ya mvua kubwa, mlango ukiwa umevimba kuliko siku zote, Mama Lebo alisikia dhuu moja tu, na Kikokotoo akawa yuko ndani, anaendelea na wimbo wake. Hakujua hata kwamba amefanya kitu. Mama yake hakumwambia. Alikwenda chumbani akakaa dakika tano, akatoka na macho mekundu, akasema ni vitunguu, na jikoni hapakuwa na kitunguu.

Mazoezi yakahamia uani. Mtu wa mpira hawakuwa naye, ila baba alikuwapo, kilo sitini na nne. Kikokotoo alimbeba begani kila jioni, akazunguka rundo la mbao mara kumi. Fundi alizoea mpaka akaanza kutoa maagizo ya kazi akiwa huko juu. Wateja walikuja kuuliza habari za makabati wakajibiwa kutoka begani.

"Na wewe Mama, njoo nikujaribu," alisema binti siku moja.

"Mimi? Mimi nina kilo themanini na moja na heshima zangu. Mimi si mtu wa mpira. Hunibebi."

"Siku moja nitakusogeza tu, utaona."

"Labda unisogeze na nyumba."

Hivyo ndivyo ilivyofika leo alfajiri, mkasi ukiwa kazini, umeme umekatika, gari la kwanza linakaribia, na lebo za Wodi ya Wazazi zimekwisha kabisa kwa sababu mayai yalikuwa yameliwa kuliko kitu kingine chochote. Alipapasa kwenye kopo gizani, akapata ya fungu lililofuata, la Majeruhi, akafunga mfuniko, akambusu mtoto wake kichwani, akampa.

Usiku kucha kigoda hakikupata nafuu. Saa kumi alisimama, akaomba, akaketi. Saa kumi na moja aliwaza: sasa anaamka. Saa kumi na mbili: sasa anafungua kopo. Kulipokucha fundi alimletea chai, akaikuta ya kwanza aliyomwekea imepoa pale pale.

"Ukikaa hivyo ndiyo atabeba vizuri zaidi?"

"Ndiyo."

Fundi akaenda zake karakanani uani, naye akashika mbao moja akaipiga randa. Aliipiga mpaka ikawa rula, akaendelea.

Saa saba mchana hatua zilisikika nje. Mama Lebo alizijua, ila leo zilikuwa nzito, zinaburuza. Zikasimama. Mtu hakutia bega. Mtu alibisha.

"Hodi."

Mtoto kupiga hodi kwao! Mama Lebo aliinuka, akaenda, na badala ya kufungua akageuka akauegemeza mgongo mlangoni.

"Nani?"

"Majeruhi mia moja sitini na sita."

"Mwanangu, naweza kueleza."

"Eleza."

"Zimetoka hospitali."

"Mama! Miezi minne nimekula shuka!"

"Hukula shuka. Umekula maharage."

"Nimeandika daftari zima! Kurasa themanini! Nimewaonyesha watu jana usiku, wananiuliza nafanyaje, nawaambia mayai mawili mia na kumi na mbili, wananakili! Kuna watu kumi ukumbini mle wanakula kwa hesabu ya mashuka ya hospitali!"

"Nisamehe, mama'ngu. Ungekula vipi bila hivyo? Ulikuwa huwezi hata…" Akaacha. "Niambie kitu kimoja tu. Mayai uliyala?"

Upande wa pili mzigo ulitua chini.

"Uliyala au hukuyala?"

"Niliyaweka mapajani nusu saa. Nilitaka kuyatupa. Jirani yangu akanipa pakiti ya biskuti zake, nikaigeuza nyuma kama kawaida. Mia moja na arobaini. Namba ya kweli, Mama, ya kiwandani, hakuna aliyeifumua kwenye shuka." Sauti ikatulia kidogo. "Na biskuti hizo hizo ndizo zilizonifanya nisimame hapa nikuite unifungulie. Unadhani sikujua kwamba mvua ilikuwa hainyeshi?"

Mama Lebo akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikayala. Yote manne, na viazi. Nikiwa nimekukasirikia kila nikitafuna."

"Na mtu wa mpira?"

"Sogea mlangoni, Mama."

"Nauliza mtu wa mpira! Ulimfikisha?"

"Sogea. Nasukuma."

"Sisogei mpaka useme!"

Na kweli hakusogea. Aliukaza mgongo kwenye zile mbao ngumu zilizonyeshewa wiki nzima, akazikanyaga kandambili zake kwa nguvu kwenye sakafu ya saruji, kilo themanini na moja na heshima zake. Nje alisikia pumzi moja ndefu ikivutwa, ile ya mtu anayejiweka sawa kabla ya kuinua mzigo.

Hakukuwa na dhuu. Kulikuwa na mkwaruzo, mdogo, wa chini. Mama Lebo aliangalia miguu yake. Kandambili zilikuwa zikiteleza. Zote mbili, polepole, pamoja na yeye aliyemo, zikichora mistari miwili sakafuni kama randa inavyochora ubao.

"Baba!" alipiga kelele kuelekea uani. "Baba, njoo uone, ananisogeza! Ananisogeza na mlango!"

Randa ikanyamaza uani. Mlango ukaendelea kuja, na kwenye upenyo, kabla ya bega na kabla ya uso, ikatangulia buti moja nyeusi, mpya, nzito, yenye lebo bado inaning'inia kwenye kamba.